Kwa Mrisho, Mwalimu wa Al-Jabr Kanisani Germantown

Mrisho wangu,

Mchungaji Gitonga aliniomba niandike maneno machache kukuhusu, watu wetu wa hapa wayasome. Nilijaribu. Niliandika "Marehemu Mrisho alizaliwa Tabora," nikakwama hapo hapo. Neno marehemu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kukuandika kama mtu wa kusimuliwa siwezi. Naweza tu kuongea nawe, kama nilivyozoea, na wao wakitaka kusikiliza wasikilize.

Nianze na Falls Church, ule mji wa Virginia, maana huko ndiko ulikoniharibia mipango. Ilikuwa kwenye zile ghorofa za karibu na Route 7, nyumbani kwa Mama Achieng, siku walipombatiza mtoto wao. Mimi nilikuwa msichana wa Bungoma aliyekuwa akihudumia wazee mchana na kusoma jioni, nikitafuta kuingia shule ya unesi. Kilichonifungia mlango kilikuwa algebra. Wewe ulikuwa umekaa pembeni na sahani ya pilau, kijana mwembamba mwenye miwani, mwanafunzi wa hesabu katika chuo kile cha zamani kule mtaa wa Shaw, jijini. Mama Achieng akanisukuma mbele yako.

"Huyu hapa Mtanzania anayetafuna hesabu kama karanga. Mwambie shida yako."

"Algebra imenishinda," nikasema. "Nadhani aliyeibuni aliwachukia watu."

Ulicheka mpaka ukaweka sahani chini. "Unamsingizia bure. Wewe unasomea nini?"

"Unesi."

"Basi ni mwenzako. Al-jabr ni Kiarabu, ni kukirudisha kilichovunjika mahali pake. Hata kuunga mfupa kuliitwa kwa neno hilo hilo. Yule bwana aliishi Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Akiona hesabu ina pengo upande mmoja, alirudishia kilichotolewa, na upande wa pili akautendea haki hiyo hiyo."

Ukachukua karanga mezani, ukazipanga mafungu mawili kwenye kitambaa, ukanionyesha. Kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini kitu kinahamia upande wa pili na kugeuza alama. Nilielewa palepale, Mrisho. Nikakwambia bado, ili unieleze tena.

Ukanieleza kwa miezi. Tulikutana maktaba, tukakutana kwenye ule mkahawa mdogo wa Wahabeshi karibu na U Street ambako mwenye duka alituacha tukae na kikombe kimoja cha chai mpaka kipoe. Nilifaulu algebra, nikaingia shule, na bado hukuacha kunifundisha. Nilipofika kwenye somo la moyo nikawa nakariri njia ya damu kama shairi, upande wa kulia, mapafu, upande wa kushoto, ukaniuliza kama najua nani aliyeandika hivyo kwanza. Ukanisimulia juu ya tabibu wa Dameski aliyefanya kazi Cairo. Wakubwa wote wa zamani walisema damu inapenya ukuta wa katikati ya moyo kwa vitundu visivyoonekana. Yeye akasema hakuna vitundu, ukuta ni mzito, damu inazunguka kupitia mapafu.

"Fikiria ujasiri huo," uliniambia. "Watu wote wanakwambia vipo lakini havionekani, na wewe unajibu, havipo."

Nadhani siku hiyo ndiyo niliyojua nitaolewa na wewe. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akilengwalenga na machozi kwa ajili ya ukuta wa moyo.

Baba yangu alipopata habari alinunua muda wa simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee wa kanisa, Bungoma nzima inamjua.

"Nekesa, nasikia ni Mwislamu."

"Ndiyo, baba."

"Na ni Mtanzania."

"Ndiyo, baba."

Dakika za kadi zikaendelea kuisha. Halafu akauliza, "Na kuku wetu atamla, au mpaka achinjwe na watu wake?"

Nilikupa simu. Ulimwamkia shikamoo kwa upole ule wako wa Tabora, ukamwambia, "Baba, kuku nitamchinja mwenyewe, na paja nitakuletea wewe." Baba alikupenda kuanzia hapo, ingawa alichukua mwaka mzima kukiri.

Tukaoana, binti yetu Zuhura akazaliwa, tukahamia Germantown, jimbo la jirani, kwa ajili ya shule yake. Mimi nilibaki na kazi yangu ya unesi Virginia, nikiikata Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji, asubuhi na jioni. Wewe ukifundisha hesabu chuo hiki na kile, vipindi vya kuokoteza, shahada yako ya udaktari wa hesabu ikisubiri. Hukuwahi kunung'unika. Ulinung'unikia jambo moja tu. Watoto wetu, ulisema, wanatamka sifuri, hesabu, tabibu, falaki, sita, saba, tisa, na hawajui kwamba kila siku wanabeba Baghdad mdomoni. Ndipo ukaenda kwa Mchungaji Gitonga kumwomba chumba cha chini cha kanisa kila Jumamosi. Mwislamu anaomba darasa kanisani! Mchungaji alikubali kabla hujamaliza kueleza, kwa sababu watoto wake mwenyewe walikuwa wanaanguka hesabu.

Siku ya kwanza walikuja watoto wa Wakenya, wa Watanzania wawili watatu, na wa wale Wakongo waliokuwa wametoka kwenye vita majuzi. Wengi walisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na wewe ulipokea jibu kwa lugha yoyote mradi liwe sahihi. Mimi nilikaa nyuma na mandazi. Maman Furaha wa Bukavu, aliyekuja kumleta mwanawe tu, alikaa karibu yangu mpaka mwisho, kisha akakufuata ubaoni.

"Mwalimu, ile calcul, ile hesabu unafundisha batoto, hata miye ninaitaka. Kwetu tulisomaka kwamba hii yote ilitoka Ulaya."

"Karibu, mama," ukamwambia. "Nusu ya darasa ni ya wazazi."

Mzee Kamau, shemasi, ndiye aliyesimama kupinga. Alikuja Jumamosi ya pili au ya tatu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Lakini hapa ni nyumba ya Bwana. Wajukuu wangu wanarudi nyumbani wakitaja Waislamu tu, Waislamu tu."

Watoto wakakugeukia. Mimi nilikuwa nimeliogopa neno hilo tangu mwanzo. Ulifuta chaki mikononi, ukamletea kiti.

"Mzee, keti. Leo nilitaka kuwaambia habari za waliotafsiri vitabu. Vile vitabu vya Wagiriki vilipoletwa Baghdad, hodari wa kuvitia kwenye Kiarabu walikuwa Wakristo, watu wa makanisa ya mashariki. Na matabibu wa khalifa kwa vizazi walikuwa Wakristo, baba akimrithisha mwana. Walikuwepo Wayahudi, walikuwepo waliotazama nyota kwa dini yao ya kale. Hesabu zenyewe, hizi tarakimu, zilitoka India. Baghdad ilikuwa meza. Kila mtu alikuja na chakula chake."

Mzee Kamau aliketi. Wiki iliyofuata aliwaleta wajukuu mwenyewe, akabaki, na akawa anauliza maswali kuliko watoto.

Halafu ikaja masika ile ya nyota mkia. Nikitaka kujiumiza, huwa nakumbuka jioni hiyo. Uliwaambia wazazi wawalete watoto kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya kanisa jua likishazama. Mbingu ilikuwa bado na wekundu upande wa magharibi, na ile nyota ikaning'inia pale juu ya nyumba za watu, mkia wake umetanuka kama unga uliomwagika. Hakuna aliyehitaji darubini. Maman Furaha alifanya ishara ya msalaba. Wewe ulikuwa unakimbia huku na huku kama mtoto, koti halijafungwa, ukiwageuza watoto mabega.

"Ile nyekundu pale, Aldebaran. Ni Kiarabu, maana yake mfuataji, kwa sababu inafuata kile kikundi kidogo cha nyota. Ile yenye kung'aa chini, Rigel, ni mguu. Wazungu wenyewe wanaziita kwa majina hayo hadi leo. Walijaribu kutamka, wakatamka vibaya, lakini hawakuyaacha."

Zuhura akakuvuta mkono. "Baba, na mimi? Mimi ni nyota ipi?"

Ulichuchumaa ukawa sawa naye. "Wewe ni Zuhura, na Zuhura mwezi huu amejificha nyuma ya jua. Subiri kidogo. Kiangazi ataanza kutoka jioni, na kabla ya Krismasi ya babu yako wa Bungoma atakuwa anawaka kuliko wote. Nitakuonyesha."

Alikuwa na miaka sita. Aliamini kila ulichosema.

Ugonjwa ulianzia ubaoni. Ilikuwa vuli, majani yameanza kugeuka. Uliandika hesabu ya kawaida kabisa, ukageuka kwa watoto, ukageuka tena ubaoni, ukasimama. Ukaigusa tarakimu kwa kidole.

"Hii ni nini?" ukauliza.

Watoto walidhani ni mchezo. "Tisa!" wakapiga kelele. "Nine!"

"Na hii?"

"Saba!"

Ulitabasamu ukasema darasa limekwisha, waende wakale mandazi. Mimi peke yangu ndiye niliyeuona mkono wako wa kulia ulivyoshindwa kuirudisha chaki kwenye kibao chake. Ilianguka, hukuiokota. Ndani ya gari hukuwasha injini. Ulikaa umeshika usukani.

"Nekesa, sikuuliza kwa mchezo. Sikuweza kuisoma ile tisa."

Mimi ni nesi. Nilijua kabla daktari hajasema, na niliomba niwe nesi mjinga. Picha za kichwa zikaonyesha uvimbe upande wa kushoto, mkubwa, wenye mizizi. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye nywele za mvi, alitueleza taratibu bila kutuficha. Angeweza kuupunguza; kuumaliza asingeweza. Na sehemu ile, alisema, ndiyo inayohifadhi maneno na hesabu.

Nilitazama uso wako nikidhani utavunjika. Badala yake ukaanza kumsimulia, kwa Kiingereza kilichokuwa kimeshaanza kukuchenga, kwamba mpasuaji mmoja wa Kordoba, miaka elfu iliyopita, alichora vifaa vyake vyote kwenye kitabu, misumeno, ndoano, mikasi, ili wanafunzi watakaokuja wavione kwa macho na wasiwaumize watu kwa kubahatisha.

Yule mama aliweka mkono juu ya wako. "Natumaini angeridhika na vya kwangu," akasema.

Ulipotoka chumba cha upasuaji ulinijua. Hilo nilimshukuru Mungu wa pande zote mbili za nyumba yetu. Lakini Kiingereza kilikuwa kimeondoka karibu chote, na hesabu zilikuwa zimekwenda nacho. Walipokuruhusu, kwenye kiti cha magurudumu kule chini mlangoni, ulinivuta ukaninong'oneza kwa shida, ukitafuta kila neno:

"Nguo yangu iko wapi?"

Sikukuelewa. Nikakuonyesha ulichovaa. Ukatikisa kichwa, ukacheka nusu ya uso. "Cairo," ukasema. "Nguo."

Nikakumbuka. Uliwahi kuwafundisha watoto juu ya hospitali kubwa ya Cairo ya zamani, jinsi tajiri na maskini walivyotibiwa bure, na mgonjwa akitoka alipewa nguo mpya na posho ya kukaa nyumbani mpaka nguvu zirudi. Ulikuwa unanitania, Mrisho. Kichwa kimefungwa bendeji na bado unanitania. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nguzo nikalia.

Sijui ni nani aliyenisikia nikimsimulia Mchungaji kwenye simu. Kesho yake mlango ukagongwa. Mzee Kamau, na wajukuu wake nyuma yake. Alikuwa amebeba koti la sufu, jipya, rangi ya kahawia, bado lina harufu ya dukani.

"Watoto wameniambia desturi ya Cairo," akasema. Kofia ilikuwa mkononi tena. "Mwalimu, sisi ndio hospitali yako."

Alikuvisha mwenyewe, mkono ule usiofanya kazi akatangulia kuuingiza, kama baba anayemvisha mtoto. Halafu akaketi, na nyinyi wawili mkashikana mikono. Nilipika chai, sikuweza kuwaletea mpaka ilipochemka ikapungua nusu.

Desemba, jioni moja mapema, nilikusogeza dirishani. Zuhura alikuwa magotini pako. Ile nyota uliyomwahidi ilikuwa imetoka kusini-magharibi, juu ya paa za majirani, inawaka kama taa ya gari. Mtoto alikaa akikutazama wewe, siyo nyota. Alikuwa akisubiri uitaje.

Ulinyoosha mkono wa kushoto. Ulifungua mdomo. Nikaona jina likikupita, likikukimbia, na wewe ukilifuata kwa macho.

"Ile..." ukasema. "Ile... yetu."

Zuhura akalaza kichwa kifuani kwako. "Ndiyo, Baba," akasema. "Ile yetu."

Baada ya mwaka mpya Kiswahili nacho kikaanza kukutoka. Ulikwenda nyuma ya lugha zako mpaka ile ya kwanza, ambako mimi sikuwahi kufika. Ulikuwa ukiniambia mambo kwa Kinyamwezi, unanitazama machoni, unangoja jibu, na mimi mkeo sijui neno. Miaka yote ile ulikuwa ukisema utanifundisha, na nilikuwa nikisema tutaanza wiki ijayo, tuna muda. Neno moja tu nililitambua. Mayu. Mama.

Nilipiga simu Tabora, duka la jirani, wakamkimbilia mama yako. Nikakuwekea simu sikioni. Mlizungumza, Mrisho. Wewe uliyekuwa huwezi kuomba maji ulizungumza na mama yako sentensi nzima, na uso wako ukawa wa kijana. Ulipochoka nikachukua simu.

"Mama, amesema nini?"

Kulikuwa na ile kelele ya mbali ya laini. Kisha sauti yake, kavu, ya mtu aliyejikaza.

"Anauliza kama ng'ombe wamerudi, mwanangu. Nimemwambia wamerudi wote."

Ulifariki mwisho wa baridi, asubuhi, theluji ikiyeyuka kwenye ngazi. Mkono wako ulikuwa kwenye wangu. Ile kazi ninayoifanyia wageni kila siku, ya kusikiliza pumzi ikipungua, nilikufanyia wewe.

Watu wa msikitini Virginia walikuja na utaratibu wao na heshima yao. Imamu, mzee wa Kisomali, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu yako wa kiume wa kukuosha. Hukuwa naye upande huu wa dunia.

"Je, mke anaruhusiwa?" nikauliza. "Hata kama ni Mkristo?"

Akaniuliza kama nimewahi kuifanya kazi hiyo. Nikamwambia nimewaosha wazee wa Virginia wasio na idadi, wengi hawakuwa na mtu. Akatazama chini. "Basi wanaume watamwosha," akasema, "na wewe utakaa kichwani, umshike. Hakuna atakayekuondoa."

Nilikushika kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi pale kwenye mshono. Maji yalikuwa ya vuguvugu, wakayamimina upande wa kulia kwanza, wakitaja jina la Mungu wako kwa sauti ya chini, na mimi nikitaja la wangu, na kwa kweli sikusikia tofauti.

Makaburini lilikuja kanisa lote la Germantown. Kina mama wa Kakamega na wa Bukavu wamejifunga leso kichwani, Maman Furaha akilia kwa sauti mpaka akaombwa apunguze. Mzee Kamau alisimama mbele na wanaume. Walipokuwa wanakulaza kwa ubavu wa kulia, mjukuu wake mkubwa akamuuliza kwa nini wanakuelekeza kaskazini-mashariki wakati Makka iko kusini kuliko sisi. Na yule mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni kupinga, akamweleza mtoto kwa minong'ono: dunia ni mviringo, mwanangu, njia fupi inapanda kwanza ndipo ishuke, na wataalamu wa zamani waliipigia hesabu pembe hiyo kwa kila mji, ili mtu popote alipo ajue ageukie wapi. Aliieleza vizuri. Alikuwa amesikiliza.

Nilitaka kukugeukia nikwambie, umesikia? Nikageuka kweli. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba nageuka.

Huu ni mwaka wa pili. Nitakwambia yalivyo, maana hukupenda kudanganywa. Darasa lilikufa. Mchungaji alimleta kijana mmoja mhandisi, mtu mzuri, anawasaidia watoto kazi za shule, ila hadithi zako hakuna anayewasimulia. Nimehama zamu ili nimpeleke Zuhura shule. Bado napika wali mwingi kupita kiasi. Kuna siku kwenye Beltway, msongamano umetusimamisha wote, najikuta nakueleza habari za mgonjwa fulani, na mtu wa gari la pembeni ananitazama midomo.

Lakini lililonitia hofu kuliko yote ni mtoto. Zuhura hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia makaburini. Alikaa kimya, akawa mwema mno, anaosha vyombo bila kuambiwa. Nikikutaja anatoka chumbani taratibu. Mwalimu wake alisema nimpe muda. Dada yangu alisema nimwombee. Nilifanya yote mawili, na mtoto aliendelea kuwa mwema, na mimi nikawa naogopa wema ule kuliko homa.

Wiki iliyopita alirudi na kitabu cha shule. Walikuwa wamefika kwenye historia ya hesabu, na nilimwona mezani anafungua kurasa haraka, mbele, nyuma, mbele tena, kama mtu aliyepoteza kitu sokoni. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaendelea kufungua. Nikasogea nikasoma juu ya kichwa chake. Kulikuwa na Wagiriki, wenye picha na ramani. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema Waarabu waliyahifadhi maarifa hayo. Kisha ukurasa mpya, na Ulaya.

Aliweka kidole pale katikati, kati ya ukurasa na ukurasa, ambapo hakuna kilichoandikwa.

"Mama," akasema, "wame-skip Baba."

Na hapo akalia. Mrisho, alilia kama ng'ombe anavyolia, kwa kifua kizima, akapiga kitabu kwa ngumi. Wame-skip Baba, wamemruka Baba. Nilimshusha kwenye kiti tukakaa sakafuni jikoni, nikamfunga mikono na miguu yangu yote kama alipokuwa mchanga. Sikumwambia nyamaza. Sikumwambia kwamba wewe hukuwa wa Baghdad, kwamba hao walikufa zamani, kwamba kitabu hakikukusudia. Nililia naye. Tulilia mpaka dirisha likawa jeusi na maharagwe yakaungua sufuriani, na hakuna aliyeinuka.

Nilitaka ulijue hilo. Mtoto wako amekulilia.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado sijaweza.

Ni mimi mkeo,
Nekesa, Mama Zuhura